Harusi imebaki wiki tatu, vitambaa vimekuja rangi nne: hii "taupe" ni rangi gani hasa?

Katibu_wa_Kamati (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Yeye anakaa Dar, ila harusi inafungwa huku huku mwisho wa reli kwa sababu bibi yetu hasafiri tena. Mwezi uliopita bibi harusi aliandika kwenye kundi la familia: "Sare ya kina mama wa upande wetu ni taupe." Basi. Picha hakuna, maelezo hakuna. Kundi lina watu sitini na ushee na hakuna hata mmoja aliyeuliza, kila mtu anaogopa kuonekana mshamba. Mimi mwenyewe niliweka dole gumba.

Sasa oneni. Mama mkubwa wa Ujiji kanunua satini ya rangi ya ugoro. Wale wa Gungu wamekuja na kitu kama zambarau iliyofuliwa sana. Dada zetu wa Kasulu wameleta kaki, kaki kabisa ya mgambo. Na shangazi yetu mkubwa, ambaye alisomewa ujumbe na mjukuu wake kwenye simu, alisikia "rangi ya tope". Akaenda dukani, akaomba kitambaa cha rangi ya tope, akapewa, akalipa, akapeleka kwa fundi. Gauni limeshashonwa na vifungo vimeshawekwa.

Jana tumevitandaza vyote mkekani. Mwenyekiti akakaa kimya, halafu akauliza hii ni harusi au ni mnada.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, kwa Kiswahili hii ni rangi gani? Pili, kuna namna ya kuviokoa au ndiyo tuchangishane upya? Wasimamizi, msiuhamishie uzi huu jukwaa la mapenzi tafadhali.

---

Kigoda_Mbele

Nimekaa. Kahawa ninayo.

---

Mzee_wa_Kibirizi

Rangi ya vumbi hiyo. Mnalipia vumbi, na kiangazi Kigoma linapatikana bure. Zamani mama mmoja alichagua jora la kitenge kutoka Kongo, watu wakakata doti, kwisha habari. Huyo bibi harusi mwambieni arudi kwenye kitenge.

---

Mwalimu_Mstaafu

Katibu, neno hilo ni la Kifaransa na husomwa karibu na "topu". Ile e ya mwisho haisikiki. Nimesomesha Kifaransa miaka mingi, na wanafunzi waliokulia karibu na mpaka wa Burundi walikuwa wakinisahihisha matamshi, kwa hiyo kwenye hili nina uhakika.

Kwanza si rangi, ni mnyama: fuko. Kifaransa kimelirithi kutoka Kilatini, talpa. Manyoya ya fuko wa Ulaya ni mafupi, ya kijivu kilichoingiliwa na kahawia, na hayalali upande mmoja. Ukiyapapasa kwenda mbele au kurudi nyuma ni sawa tu, ndiyo maana anaweza kurudi kinyumenyume kwenye njia yake chini ya ardhi bila kukwama. Kutoka kwa mnyama jina likahamia kwenye rangi.

Tafsiri yake ya moja kwa moja basi ni "rangi ya fuko".

---

Katibu_wa_Kamati

Mwalimu, nimwambie shangazi kwamba amealikwa avae rangi ya fuko? Jumapili nitakula kwa nani?

---

Mihogo_na_Maharage (Kasulu)

Fuko gani sasa, huyu wetu? Mwaka juzi walinimalizia matuta ya viazi. Juu majani mabichi kabisa, ukivuta shina unabaki na majani mkononi, chini hakuna kitu. Niliyemnasa alikuwa na meno yametokeza nje ya midomo, mwili kahawia inayokwenda kwenye vumbi la njano. Watoto wake wawili walikuwa kijivu, kama mkaa uliozimika. Bibi harusi anataka ya mama au ya watoto?

(Dada zenu walioleta kaki msiwaonee. Kasulu kaki ndiyo iliyokuwepo dukani wiki ile, nimepita mwenyewe.)

---

Mwalimu_Mstaafu

Umeuliza vizuri kuliko unavyodhani, maana hao ni wanyama wawili tofauti. Fuko wa Ulaya anachimba kwa viganja na anakula minyoo. Wetu ni jamaa ya panya, anachimba kwa meno na anakula mizizi na mihogo yako. Mwaka 2006 wanasayansi walipowatengea wa kwetu kundi lao waliliita Fukomys. "Fuko" wamelichukua kwenye lugha za Kibantu, na "mys" ni panya kwa Kigiriki. Rangi anayoitaka bibi harusi lakini ni ya yule wa Ulaya.

Na Mzee wa Kibirizi usicheke sana. Kaki nayo ni vumbi. Neno limepita Kiurdu kutoka Kiajemi, na khak ni vumbi. Dada wa Kasulu wameleta rangi ya vumbi kwa jina lake halali.

---

Mzee_wa_Kibirizi

Nilisema mimi.

---

Pikseli

Msimpe mtu jina la rangi, mpeni namba. Nachora kadi za harusi na mabango, kila siku nagombana na wateja kwa jambo hili hili.

Kwenye kompyuta topu inayotajwa zaidi ni nyekundu 72, kijani 60, buluu 50, kwenye kipimo cha 0 mpaka 255. Kijivu halisi namba zote tatu hulingana. Hapa zinashuka kidogo kidogo, 12 halafu 10, na mteremko huo mdogo ndio unaoingiza ukahawia. Ni rangi ya giza, wengi wakiiona wanashangaa kwa sababu kichwani wana ile nyepesi.

Ile nyepesi huitwa topu ya kijivu: 139-133-137. Kuna ya zambarau, 80-64-77. Kuna ya waridi, 144-93-93, hapo wekundu umeshatangulia mbele kabisa. Zote ni topu na hakuna anayesema uongo. Wamarekani wawili, Maerz na Paul, walitoa kamusi ya rangi mwaka 1930 na humo wakaifunga topu kwenye fuko wa Ufaransa, ila wenye maduka na viwanda wameendelea kuivuta kila mmoja upande wake. Na orodha ya majina ya rangi ambayo vivinjari vya intaneti vinayaelewa bila namba ina majina zaidi ya 140. Topu haimo.

Kwa hiyo wale wa Gungu wenye zambarau iliyofuliwa wanaweza kuwa na haki kuliko wote.

---

Cherehani_Gungu

Mdogo wangu Pikseli, asante, lakini sokoni Mwanga hakuna anayekata mita kwa namba. Nimeshona miaka ishirini na mbili. Naomba niseme ya dukani.

Kitambaa hakichaguliwi ndani ya duka. Muombe muuzaji utoke na jora mpaka mlangoni. Kunja mara mbili, kisha angalia kwenye mkunjo, usiangalie usoni. Satini usoni inameta na inabeba rangi ya kila kilichoizunguka; ukiwa umevaa blauzi nyekundu itakuonyesha wekundu wa blauzi yako. Kwenye mkunjo ndipo rangi yenyewe inapojificha. Halafu weka juu ya kitu cheupe, karatasi au shuka. Ukiweka juu ya huu udongo wetu mwekundu utaona kama kina ukijani, utakirudisha bure na muuzaji atakununia.

Jambo la pili: mnunue jora moja. Hata kiwanda kimoja, rangi moja, jora la leo na la mwezi ujao havifanani. Ukimweka mama huyu na mama yule bega kwa bega kwenye picha ndipo unapoona.

Rangi kali zinasamehe. Nyekundu mbili zikikosana kidogo, zote bado ni nyekundu. Hizi za katikati hazisamehi. Ikiongezeka chembe ya wekundu unaambiwa pinki, ikiongezeka chembe ya njano unaambiwa kaki. Nimewahi kurudishiwa magauni manane kwa sababu hiyo. Sijasahau.

---

Mwalimu_Mstaafu

Hilo la udongo mwekundu na ukijani Mfaransa mmoja, Chevreul, aliliandikia kitabu kizima mwaka 1839. Alikuwa msimamizi wa rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akazipima, akakuta nyuzi hazina tatizo, tatizo ni rangi zilizosukwa kando yake. Jicho likishiba rangi moja huisukuma jirani yake upande wa pili: jirani wa nyekundu anaelekea kijani. Kijivu ndicho kinachosukumika kirahisi kuliko vyote kwa kuwa chenyewe hakina msimamo.

Fundi wa Gungu amefika alipofika Chevreul, tena kwa kuangalia mkunjo tu.

---

Cherehani_Gungu

Na sijalipwa yale magauni manane.

---

Rola_na_Msasa (fundi rangi)

Mmenikumbusha. Kuna mteja aliniita Katubuka, anataka sebule ya "greji, topu, kitu kama hicho", kaiona kwenye simu. Nikachukua emulsheni nyeupe ndoo ya lita 20, nikatia steina (ile rangi kali ya kuchanganyia) ya kahawia, halafu nyeusi kwa ncha ya kijiti. Steina nyeusi usiimimine hata siku moja; itamaliza ndoo nzima na hutairudisha nyuma. Nikapaka kwenye kipande cha jipsamu, nikasubiri kikauke, maana emulsheni ikikauka huwa inakolea kuliko ikiwa mbichi. Mteja kaiona, kakubali.

Nimepiga ukuta mzima. Asubuhi ananipigia: fundi umeniwekea pinki. Naenda, kweli ni pinki. Nikazunguka nje, dirisha linaangalia uwanja mtupu, udongo mwekundu, jua la asubuhi limeupiga na linarusha wekundu ndani mpaka darini. Jioni ukuta ule ule ni kijivu. Kule chumbani ambako nje kuna mwembe, rangi ile ile ya ndoo ile ile ilikuwa na ukijani.

Sebule nilitia tone la steina ya kijani kwenye ndoo iliyobaki, nikarudia. Kijani inaua wekundu. Akaridhika, hakuongeza hata mia ya ufundi. Angepanda majani uwanjani tungeokoa rangi.

Na mjue, ukitaka topu ukachanganya nyeusi na njano ukidhani utapata kahawia, utapata kijani cha jeshi. Vijana wengi wanaharibu hapo.

---

Unyanyembe (Tabora)

Habari za huko, jirani zetu wa mwisho wa reli. Sisi wa katikati ya reli tuna neno.

Mama mkubwa wa Ujiji msimlaumu, ugoro ni rangi inayojulikana na kila fundi anaielewa. Ila ugoro una njano ndani. Sisi tunaolima tumbaku tunaiona inavyotoka kwenye bani, kile kibanda cha kuikaushia, njano inayokwenda machungwa, na hata ikisagwa ule ujoto haupotei. Topu, kwa maelezo ya mwalimu, imepoa. Haina joto la njano.

Kama mnataka topu njooni Tabora mwangalie punda. Mgongoni, siyo tumboni. Tumboni ni nyeupe.

Nyingine ni uyoga wa porini wakati wa masika, ule wenye kofia ya kijivu, ukigeuza chini kwenye mikunjo yake. Hapo kuna topu tatu kwa pamoja.

---

Katibu_wa_Kamati

Tumeanza na fuko, sasa tumefika kwa punda. Shangazi atanifukuza ukoo.

---

Mama_Chapati_Mbili

Jamani wanaume mnazunguka wee. Pikeni uji wa ulezi. Tieni maziwa, uacheni kwenye bakuli jeupe upoe mpaka ufanye utando juu. Angalieni ule utando. Ndiyo topu ya waridi ya huyo mtoto wa kompyuta. Usipotia maziwa unakolea, unakuwa ile ya giza. Ukizidisha maziwa unakwenda kwenye ile ya kijivu nyepesi. Rangi zote zimo kwenye sufuria moja na hakuna mama wa Kigoma asiyeijua.

---

Mihogo_na_Maharage

Huyu mama apewe kamati.

---

Pikseli

Nimepiga picha uji wa dada yangu hapa nyumbani, nikausoma kwa programu. 150-121-112. Mama, nimenyoosha mikono.

---

Mwalimu_Mstaafu

Niongeze dogo la lugha kisha ninyamaze. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi, -ekundu. Nguo nyeupe, kitambaa cheupe, mashati meupe. Zilizobaki zote tunazionyesha kwa kidole: kijivu ni jivu, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha jikoni, damu ya mzee mnaijua. Hata mtu tunamwita maji ya kunde na hatuhitaji namba. "Rangi ya uji wa ulezi" ni Kiswahili kamili, na imetungwa kwa kanuni ile ile iliyotumiwa na Wafaransa kwa fuko wao.

Na "tope" ya shangazi pia ni halali. Amesikia vibaya akasema vizuri.

---

Katibu_wa_Kamati

MREJESHO WA KWANZA.

Leo saa kumi alasiri tumefuata maneno ya fundi wa Gungu. Tumetandika shuka jeupe uwanjani, tukakunja kila kitambaa mara mbili, tukavipanga juu ya shuka. Pembeni bakuli la uji (mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, watoto wakaunywa nusu kabla ya kazi kuanza).

Ya Gungu: kwenye mkunjo si zambarau tena. Ni kijivu chenye haya, kina wekundu kwa mbali. Kinakaribiana na uji uliopoa kuliko vyote. Ya ugoro ya mama mkubwa ni njano kweli, Unyanyembe alisema. Kaki ya Kasulu haina mjadala, ni kaki.

Ya shangazi sasa. Ile "tope". Ni pamba, haimeti kabisa. Baba mdogo ambaye analima mpunga bonde la Luiche alikiinua akakigeuza, akasema hili ni tope la Luiche siku ya tatu baada ya maji kutoka, kabla halijapasuka. Pikseli alinitumia mraba wa ile 72-60-50 nikauweka kando kwenye simu. Kama si ile yenyewe basi ni pacha wake.

Katika wote walioona neno limeandikwa hakuna aliyepata. Aliyelisikia vibaya ndiye kapata.

Halafu usiku tukaviingiza ndani. Sebule yangu ina taa nyeupe, kibarazani ya njano. Ya Gungu na ya shangazi juani zinaonekana mama na mwana. Chini ya ile nyeupe, ya Gungu imegeuka buluu-buluu na hazijuani kabisa. Nani anaelewa hili?

---

Rola_na_Msasa

Angalia boksi la balbu. Ile ya njano imeandikwa 2700 au 3000, nyeupe imeandikwa 6500. Namba ikipanda taa inakwenda kwenye buluu. Vitambaa viwili vinaweza kufanana juani na kukosana ndani kwa sababu dawa za rangi zilizotiwa si moja, kila dawa inaujibu mwanga kwa namna yake. Ulizeni ukumbi una taa gani.

---

Pikseli

Na simu usiiamini. Kamera inajirekebisha yenyewe: ukipiga kitambaa juu ya udongo mwekundu inadhani picha imezidi joto, inaipoza, kitambaa kinatoka kijivu. Piga kile kile juu ya vigae vyeupe, kinatoka kahawia. Mkituma picha kwa bibi harusi mtaanza upya.

---

Mama_Chapati_Mbili

Si mtu akiweke kile kitambaa cha ugoro kwenye rangi ya maji kichemke? Tulikuwa tunafanya shuleni.

---

Cherehani_Gungu

Mama, mlikuwa mnafanya pamba. Satini hii ya dukani ni poliesta, haishiki rangi ya sufuria. Viwandani wanaitia ndani ya chombo kilichofungwa, joto nyuzi 130 hivi, ndipo inafunguka. Jikoni utachemsha mpaka jioni, itatoka ilivyoingia, na mikunjo juu yake.

Pamba ndiyo inakubali, na topu ya pamba haihitaji dawa ya dukani. Chemsha majani ya chai mengi, chuja, loweka kitambaa cheupe usiku mzima. Asubuhi kitakuwa rangi ya chai, ya joto. Kisha chukua misumari yenye kutu uliyoiloweka kwenye siki wiki nzima, tia maji hayo kidogo kwenye beseni la maji safi, chovya kitambaa. Utaona kinageuka mbele ya macho yako: ile kahawia inapoa, inaingia kijivu, kama mtu aliyesikia habari mbaya. Ukakasi wa chai umekutana na chuma. Mara kinapofika unapotaka kitoe, suuza sana. Ukizidisha kutu kinakuwa cheusi na baadaye uzi unakatika.

---

Mihogo_na_Maharage

"Kama mtu aliyesikia habari mbaya." Fundi, acha cherehani uandike.

---

Katibu_wa_Kamati

MREJESHO WA PILI.

Nimempigia bibi harusi. Nimemweleza yote, fuko, punda, uji. Alicheka kwanza, halafu akalia kidogo, halafu akasema yeye alidhani kila mtu anaijua. Nikamwambia asitume picha, atume kipande. Kimekuja juzi kwa basi, ndani ya bahasha, amempa konda. Kipande cha ukubwa wa kiganja.

Tumekipeleka uwanjani, shuka jeupe, mkunjo. Uji wa ulezi wenye maziwa. Mama Chapati Mbili, kamati inakuheshimu.

Uamuzi uliopita baada ya saa mbili za maneno: hatuchangishani upya. Bibi harusi amekubali sare iwe ukoo wa rangi badala ya rangi moja. Upande wa Gungu wanabaki na chao. Shangazi anabaki na tope lake na yeye ndiye atakaa mwisho upande wa giza. Katikati tumenunua jora moja, moja tu, mlangoni, kwa ajili ya wale waliokuwa hawajanunua, rangi ya kile kipande. Kaki ya Kasulu imekuwa suruali za watoto wa kiume watakaotangulia mbele. Dada zetu wamepata kitambaa kwenye jora jipya, nusu bei kamati, nusu wao.

Imebaki ugoro ya mama mkubwa. Hakutaka kusikia habari ya kubadilisha, alisema satini ile amelipa kwa hela ya mawese na ataivaa hata kwenye jeneza. Fundi wa Gungu akaja na wazo: mtandio. Tumechukua pamba nyeupe, chai, misumari. Nilikuwepo, nimeona inavyogeuka. Mtandio mpana wa kijivu-kahawia ukikaa begani na kifuani, ile njano ya satini inatulia. Mama mkubwa kajitazama kwenye kioo akauliza kwa nini hatukuanza na hivi.

---

Mzee_wa_Kibirizi

Kitenge kingewatosha. Lakini hongereni.

---

Katibu_wa_Kamati

MREJESHO WA MWISHO, harusi imepita Jumamosi.

Kanisani ilikuwa saa nane mchana na madirisha yale makubwa. Kina mama waliingia kwa mstari, nyepesi mbele, giza nyuma, shangazi mwisho. Watu waligeuka. Mpiga picha alinifuata kuuliza nani kapanga rangi. Nikamwambia kamati.

Tukaenda ukumbini. Niliuliza taa wiki mbili kabla kama Rola alivyoagiza, nikaambiwa ni nyeupe za kawaida, nikalala usingizi. Hakuna aliyeniambia kwamba mpambaji ana taa zake. Saa moja usiku akaziwasha, zambarau, ukuta mzima, dari nzima. Kina mama wote, uji, tope, ugoro, na wale watoto wa kaki, wote wakawa rangi moja. Sare kamili.

Nilimwendea shangazi kumpa pole. Alikuwa anakula. Akaniambia nisimzibie, anataka kuona keki.

---

Mama_Chapati_Mbili

Picha basi, hata moja.

---

Katibu_wa_Kamati

Za familia siweki humu mama yangu, utanisamehe.

---

Unyanyembe

Mkuu, kitambaa kimebaki? Mdogo wangu anaolewa baada ya Pasaka, na yeye keshaandika neno lake kwenye kundi.

---

Katibu_wa_Kamati

Mita sita za lile jora zipo.

---

Unyanyembe

Rangi gani hasa?

---

Katibu_wa_Kamati

Panda treni uje uone. Ufike mchana.